Darasa jipya Moshi: kusubiri fedha za serikali, kuinua boma au kutafuta mfadhili?

Boma la shule yetu, yaani kuta za darasa ambalo halijamaliziwa, lilikaa miaka saba bila paa. Shule iko mlimani, Moshi Vijijini, na jina lake naliacha, maana yaliyotupata sisi yamezipata shule nyingi za ukanda huu. Tulichanga Krismasi moja, watoto wa kijiji waliporudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi. Januari tukachimba msingi kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na kabla ya Pasaka ukuta ulikuwa umefika lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha. Hapo fedha zikaisha. Masika ikapita, vuli ikapita, masika nyingine ikaja. Majani yakaota ndani, na mchana jirani mmoja akawa anafunga mbuzi wake humo.

Siku fedha ya kumalizia ilipopatikana, fundi aliegemeza ngazi, akapanda, akagonga tofali za juu kwa mpini wa nyundo. Hazikulia kama tofali. Akang'oa kipande, akashuka nacho, akakifinya mbele yetu kikamwagika mchanga. "Meku," akamwambia mwenyekiti, akimwita mzee kwa Kichagga, "hizi kozi tatu za juu hazibebi paa. Tuzishushe." Mwenyekiti alichelewa kujibu. Alijua nyingine kati ya zile tofali ni za nani: mama mmoja wa kitongoji cha chini alizilipia kwa mikungu ya ndizi aliyoibeba mwenyewe kichwani hadi kwenye gari la kwenda soko la Kiboriloni. Tulizishusha, tukanunua nyingine.

Sasa ni mjumbe wa kamati ya shule, na kila mwisho wa mwaka linarudi swali lile lile: tukitaka darasa, tupite njia ipi? Ulinganisho huu nimeuandika kwa wajumbe wenzangu wa kamati na bodi za shule, na kwa ndugu zetu wanaotuma fedha kutoka mbali wakiamini kwamba kuchanga ni njia moja tu. Njia ziko kadhaa. Zinatofautiana kwa fedha, kwa muda, na zaidi ya yote kwa swali moja ambalo sisi hatukujiuliza kabla ya kuchimba msingi: paa litatoka mfuko gani?

Ruzuku haijengi

Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi mwingi mikutanoni. Mzazi anasimama na kusema, "Serikali inaleta fedha kila mwezi, mwalimu mkuu anazifanyia nini?" Swali ni halali, na jibu lake liko kwenye hesabu.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada mpaka kidato cha nne, na kuanzia Januari 2016 Hazina ikawa inatuma ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kwa shule ya msingi kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Sekondari ni 25,000, nusu inakwenda kwenye vitabu na nusu shuleni, pamoja na fidia ya ada ya 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa.

Shule yetu ina watoto 240. Mara 6,000, hiyo ni shilingi 1,440,000 kwa mwaka, yaani 120,000 kwa mwezi. Hapo toa chaki, karatasi za mitihani, umeme, kitasa kilichovunjika, dawa ya kusafishia choo. Hata shule kubwa ya tambarare yenye watoto 900 inapata 450,000 kwa mwezi. Kile kiwango cha 10,000 kilipangwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002, na elimu bila ada ilipoanza 2016 kilikuwa bado ni kile kile. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwalimu mkuu ajenge darasa kwa ruzuku anamwonea. Ruzuku inaweza kubadilisha bati mbili zilizotoboka na kurudishia kioo cha dirisha. Tusiiweke kwenye mizani na njia nyingine za kujengea.

Darasa la serikali, kuanzia msingi hadi dawati

Hii ndiyo njia ambayo kila mtu anaitamani, na anayeipata anamaliza. Mwaka 2021 serikali ilichukua mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, na humo yakajengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazoshikizwa kwenye shule mama, kila moja kwa milioni 20 pamoja na samani. Mwaka uliofuata zikatoka bilioni 160 za madarasa mengine 8,000 ili wa kidato cha kwanza wa Januari 2023 wapate pa kukaa. Kwa shule za msingi ulikuja mradi wa BOOST wa trilioni 1.15, na kwa sekondari mradi wa SEQUIP. Waliozoea kuchangishwa hawakuamini macho yao. Darasa lilianza Oktoba na Januari likawa na watoto.

Ubora wake mkubwa ni huo: fedha ya bati inakuja pamoja na fedha ya msingi. Boma halizaliwi. Kwangu mimi hilo linazidi kila kasoro nitakayoitaja.

Lakini hii haipatikani kwa kuomba tu. Inafuata takwimu. Kipimo ni watoto 45 kwa darasa moja shule ya msingi na 40 sekondari, na fedha huelekea kwenye upungufu mkubwa. Hapa ndipo Moshi inagawanyika. Tambarare, huko Mabogini na Kahe, na pembezoni mwa mji, watoto ni wengi kuliko vyumba na takwimu zinajisemea. Huku juu ni kinyume. Vijana wamehama, familia zimekuwa ndogo, kihamba, shamba la ukoo, hakigawanyiki tena, na darasa lililokuwa na watoto sitini mwaka 1985 leo lina ishirini na tano. Shule yenye watoto 240 na vyumba saba haina upungufu kwenye karatasi, hata kama vyumba vitatu vinavuja. Kamati ya shule ya mlimani inayosema "tusubiri serikali ituletee darasa" inasubiri gari lisilopita barabara hiyo.

Kasoro ya pili ni bei kuwa moja kwa wote. Milioni 20 ya shule iliyo kando ya lami ya Himo na milioni 20 ya shule ambayo lori la mchanga linaishia kilomita mbili chini yake si fedha sawa. Huko juu mchanga hushushwa njiani, kisha unahamishwa kwa pikapu, na mahali pengine kwa vichwa vya akina mama. Gharama hiyo haimo kwenye makadirio, na inalipwa na wananchi kwa migongo yao. Mhandisi wa halmashauri analijua hilo, ila kiwango hakipangi yeye.

Kasoro ya tatu ni haraka. Fedha ikiingia inakuja na tarehe, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Ujenzi unakwenda kwa fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa na kumlipa fundi wa ndani, ikisimamiwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajumbe ni walimu na wanakijiji. Tangu 2023 manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo duka la vifaa la jirani unayemwamini, kama halijasajiliwa humo, haliwezi kukuuzia. Nimeona kamati ikipoteza wiki tatu nzima kwa sababu hakuna fundi hata mmoja wa kata aliyekuwa ameshajisajili, na wiki hizo tatu ndizo zilizokuwa kavu kabla ya vuli. Kama kuna uwezekano wowote shule yenu ikapangiwa fedha mwakani, waandikisheni mafundi sasa, na mpaka wa eneo la shule ujulikane kabla jirani hajaanza kudai mgomba wake.

Boma la wananchi

Sisi wa Kilimanjaro tunaijua njia hii tangu babu zetu. Wakulima wa kahawa waliungana kwenye chama chao cha KNPA mwaka 1925, halafu chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na fedha ya kahawa iliwasomesha wengi hapa. Kuchanga kwa ajili ya shule kwetu ni heshima. Mzee anayekumbuka alibeba mawe ya msingi wa darasa fulani atakuonyesha jiwe lenyewe. Kisha ukaja wimbi la shule za kata, lililosukumwa na Edward Lowassa wa Monduli alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2005 na 2008, na kanuni ikazoeleka nchi nzima: wananchi wanainua hadi lenta, serikali inaezeka na kumalizia.

Kanuni hiyo ina hesabu ambayo natamani isomwe kwenye kila mkutano kabla ya jembe la kwanza. Mwaka 2021 serikali ilipotoa fedha za tozo za miamala kumalizia maboma 560, ilitenga bilioni 7, yaani milioni 12.5 kwa kila boma. Mwaka huo huo darasa zima lilikuwa milioni 20. Ukitoa, inabaki milioni 7.5. Ni makadirio ya juu juu tu, lakini yanaonyesha kwamba msingi na kuta ni kama theluthi moja na kidogo ya kazi. Mbao, bati, lipu, sakafu, milango, madirisha, rangi na madawati vyote viko upande wa pili. Tunachangishana kwa shangwe kwa ajili ya kipande cha bei ndogo, tunapiga picha ukuta ukiwa umesimama, tunarudi mjini tukijua kazi imefika mbali. Kumbe kipande kikubwa hakijaanza, na mvua za mlima hazingoji.

Kwa hiyo boma ni njia nzuri kwa masharti. Kwanza, liwemo kwenye mpango wa kata na halmashauri kabla halijachimbwa, siyo baada. Boma ambalo halmashauri haikulijua halimo kwenye orodha ya kumaliziwa, na orodha ni ndefu. Pili, ramani na makadirio yatoke kwa mhandisi. Nimesikia boma lililonyimwa fedha kwa sababu chumba kilikuwa chembamba kuliko ramani ya serikali, na hakuna kinachouma kama kuambiwa hivyo ukuta ukiwa umeshasimama. Tatu, wekeni mkanda wa lenta na mfunike kichwa cha ukuta. Saruji kidogo tu juu ya kozi ya mwisho ingeokoa tofali za yule mama.

Na michango yenyewe ina sheria zake. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku wanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, na kwa muda walimu waliogopa kugusa hata shilingi mia. Ilivyokaa baadaye ni kwamba mchango wa hiari unaruhusiwa, ukikubaliwa kwenye mkutano wa wananchi na kupewa kibali na wenye mamlaka wilayani. Mwalimu hakusanyi, na mtoto haguswi. Hilo la mwisho nalishikilia kwa mikono miwili. Mtoto ambaye baba yake hakuchangia mifuko ya saruji hana deni lolote na shule. Nimewahi kumwona binti wa darasa la nne akisimamishwa mbele ya wenzake na mjumbe mwenzangu, aulizwe baba yake yuko wapi. Alitazama vidole vya miguu yake muda wote. Hakuna darasa linalostahili kujengwa hivyo, na nilisema hivyo siku ile ile.

Nguvu kazi ihesabiwe kama mchango. Kaya isiyo na fedha lakini inaleta watu wawili wa kubeba mawe kwa siku tatu imechanga, na iandikwe kwenye daftari kama ilivyoandikwa ya aliyetuma kwa simu kutoka Mbezi.

Mfuko wa jimbo na mapato ya ndani

Hizi nazipitia kwa ufupi. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo uko kwa sheria ya 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ina majimbo mawili, Moshi Vijijini na Vunjo, kwa hiyo hakikisheni mnajua barua yenu inakwenda kwa nani. Ile ya Manispaa ni nyingine kabisa. Fedha za mfuko huu zinagawanywa kata nyingi, ndiyo maana mara nyingi hutoka kama mifuko ya saruji au bati. Kujenga darasa zima hautoshi. Kuezeka boma lililo tayari, inawezekana kabisa.

Mapato ya ndani ya halmashauri ni mazito zaidi. Halmashauri zinatakiwa kutenga sehemu yake kwa maendeleo, ndogo kwa zenye makusanyo madogo na kubwa zaidi kwa zenye uwezo. Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge linapitisha bajeti Juni, madiwani wamekwisha pitisha ya kwao miezi kadhaa nyuma, na vipaumbele vya kata vilipelekwa kabla ya hapo. Anayekwenda kwa diwani mwezi wa nne na barua mkononi anaomba fedha ya mwaka wa fedha utakaofuata ule unaoanza Julai, bila kujua. Kikao cha kamati ya maendeleo ya kata cha mwishoni mwa mwaka ndicho cha kuhudhuria, na muhtasari wa shule uwe umefika mezani.

Wafadhili, kuanzia hifadhi hadi mgeni wa mlima

Moshi na Arusha zina kitu ambacho mikoa mingi haina: kila wiki inapokea wageni wanaotaka kusaidia shule. Mtu ameshuka Kibo, amepita kijijini, ameona watoto wamebanana watatu wanne kwenye dawati, moyo umemuuma. Nia yake ni njema na sitaki mtu aidharau. Ila nimejifunza kwamba mgeni hutoa alichokiona, na alichokiona ni kile kilicho mbele ya macho. Ataahidi maktaba na rangi ya ukuta. Choo cha wasichana hakioni kwa sababu hakuna aliyempeleka huko nyuma. Kamati ikiwa na karatasi moja yenye mahitaji yaliyopangwa na makadirio ya mhandisi, mgeni atachagua kutoka humo na atashukuru kuonyeshwa. Isipokuwa nayo, mtapokea kitu ambacho baada ya miaka mitatu hakuna wa kukitunza.

Kwa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Kilimanjaro, au ile ya Arusha kwa upande wa Meru, ipo njia ya ujirani mwema ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Utaratibu wake wa muda mrefu umekuwa wa kuchangiana: kijiji kinabeba asilimia 30 na hifadhi 70. Asilimia hizo 30 ndizo zinazofaa kutafutwa kwa msaragambo, maana mawe, mchanga na siku za kazi zinahesabika. Kwa mizani yangu hii inashinda boma la kawaida, kwa kuwa upande wa pili umeshaahidi kabla hamjaanza. Ofisi za Hifadhi ya Kilimanjaro (KINAPA) ziko Marangu, na barua ipite kwa mtendaji wa kijiji.

Ipo pia Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001 kusimamia Mfuko wa Elimu. Inafadhili madarasa, maabara, mabweni, matundu ya vyoo na nyumba za walimu, na ilishiriki pia kukarabati shule kongwe kama Ilboru ya Arusha. Jambo ambalo wenye hoteli na makampuni ya utalii wengi hawalijui: anayechangia kupitia mfuko huo anapata cheti kinachomsaidia kwenye kodi. Kwa hiyo mkimwendea mwenye hoteli, mwendeeni na hiyo habari pia.

Ukarabati, ambao hauwekewi jiwe la msingi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndiyo njia iliyosahaulika kuliko zote kwa shule za huku juu.

Tulipoinua lile boma hakuna aliyehesabu watoto. Tulijenga kwa kumbukumbu. Wachangiaji wakubwa walisoma hapa miaka ya themanini, wakikaa chini, wakigombea nafasi ya kuweka daftari. Walipofikiria shule waliona ule msongamano. Leo darasa lile, baada ya taabu zote, linakaliwa na watoto wa awali na nafasi inabaki. Mita arobaini kutoka hapo kuna jengo la mawe la vyumba viwili lililojengwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kuta zake ni nene, zinasimama wima, hazina ufa. Paa lake limeoza. Mwezi wa nne mwalimu wa darasa la tano anahamisha madawati matatu kwenda ukutani na kuweka ndoo katikati, na watoto wamezoea kufundishwa huku ndoo inagonga. Ikijaa, mmoja anatoka kuimwaga bila kuambiwa.

Fedha tuliyoizika kwenye boma ingeezeka upya vyumba vyote viwili na kubakiza ya choo. Kipimo cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa watoto wetu 240, wakiwa nusu kwa nusu, ni matundu 6 ya wasichana na 5 ya wavulana. Tunayo manne mazima. Msichana wa darasa la saba anayekaa nyumbani siku tatu kila mwezi hakai kwa sababu ya upungufu wa darasa.

Ukarabati una udhaifu mmoja wa kweli: haupendezi kuchangisha. Hakuna jiwe la kufungua, hakuna jina kwenye mlango. Ni kazi ya kamati kusimama Desemba na kuwaeleza watu kwa kuwaonyesha ile ndoo.

Ningechagua hivi

Shule ya msingi ya tambarare au ya pembezoni mwa mji yenye watoto zaidi ya sabini kwa chumba: pelekeni takwimu sahihi, kila mtoto ahesabiwe, na mpiganie darasa kamili la serikali. Michango yenu ielekeeni kwenye madawati na usafirishaji wa mchanga. Boma inueni tu ikiwa halmashauri imeandika kwamba italimalizia na katika mwaka gani.

Mjini kabisa, kata kama Pasua au Njoro, tatizo linalotangulia fedha ni ardhi. Kabla ya kuongeza darasa la chini linalomaliza uwanja wa michezo, muulizeni mhandisi kuhusu ghorofa. Msingi wa kawaida hauwezi kubebeshwa ghorofa baadaye.

Sekondari ya kata, popote ilipo, ina saa inayohesabu. Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Bodi ya sekondari ambayo haijapeleka mahitaji yake kwa hesabu hiyo ipeleke kwenye kikao kinachofuata. Hapa hata boma naliunga mkono, kwa kuwa serikali inajua kundi hilo linakuja na ina sababu ya kumalizia.

Shule ya kijiji kinachopakana na hifadhi: ujirani mwema kwanza, na mfuko wa jimbo kwa kujazia.

Shule ya mlimani yenye vyumba vya kutosha na mapaa mabovu: karabati. Sisi tumeamua hivyo mwaka huu, na haikuwa rahisi, kwa sababu kundi la Dar lilikuwa limeshaanza kuchangia darasa la kompyuta. Mwalimu mkuu aliwapigia simu ya video akiwa amesimama chini ya lile paa mvua ikinyesha. Hakuongea sana. Aliigeuza simu kwenye ndoo, akaacha waisikie.

Bati 90 za geji 28 zinanunuliwa kwanza, kabla ya paa la zamani kushushwa, na zitakaa kwenye chumba cha awali chini ya ufunguo wa mwenyekiti wa kijiji. Mbao zipigwe dawa. Kazi ya kushusha ni Januari mwanzoni, kabla watoto hawajafungua shule, na kitongoji cha juu kimeahidi watu ishirini. Mkutano ni Desemba 27, saa nne asubuhi, ndani ya darasa la tano. Mvua ikinyesha hatutahamia kwingine.